Weka ya Elfu Kumi

Simama nusu saa kwenye sheli yoyote ya Dar es Salaam, usikilize. Ni nadra kusikia lita zikitajwa. "Weka ya elfu kumi." "Ya elfu tano, kaka, fanya haraka." Bodaboda anafungua mfuniko wa tangi, ananyoosha noti mbili za elfu mbili, na muuzaji ameshaelewa. Wanaosema "fulu tenki" wapo, ila wengi wao mafuta yao yanalipiwa na ofisi. Sisi wengine tunanunua mafuta kama tunavyonunua vocha ya simu, kwa kadiri ya kilichopo mfukoni asubuhi hiyo.

Simlaumu mtu. Anayepata riziki kwa siku hununua kwa siku, uwe unga, mkaa au petroli. Lakini mazoea haya yanatuficha jambo kubwa. Bei ikipanda, kauli yetu pale kwenye pampu haibadiliki. Elfu kumi inabaki elfu kumi. Zinazopungua ni lita, na lita zikishaingia kwenye tangi hazionekani tena. Juni 2020, korona ilipoifungia dunia ndani na mafuta yakakosa wanunuzi, bei ya petroli Dar es Salaam ilishuka hadi karibu shilingi 1,520 kwa lita. Noti ya elfu kumi ilikupa lita sita na nusu. Agosti 2022, miezi sita baada ya Urusi kuivamia Ukraine, lita ilifika shilingi 3,410, tena baada ya kupunguzwa na ruzuku ya Serikali. Noti ileile ikakupa chini ya lita tatu.

Dereva hakuongeza hata shilingi moja pale sheli. Alichokiona ni kwamba mshale wa mafuta unashuka upesi kuliko zamani, na hapo ndipo linapozaliwa lile lalamiko ambalo kila fundi wa mjini amelisikia: "Gari yangu siku hizi inakula mafuta."

Kijana anayenibeba kwa pikipiki kutoka kituo cha mwendokasi hadi nyumbani Kimara alinipa mfano ulio hai wa jambo hili. Jioni moja alinisalimu kwa uchovu.

"Shikamoo mzee. Hii pikipiki imenishinda. Nimebadilisha kabureta, nimebadilisha plagi, bado inakunywa tu."

"Marahaba, mwanangu. Kwani kwa siku unatembea kilomita ngapi?"

"Sijawahi kuhesabu, mzee. Mita yenyewe imekufa. Mimi naangalia hela tu."

Pikipiki yake haikuwa na ugonjwa wowote. Bei ndiyo iliyopanda, na yeye akaenda kumlipa fundi atibu bei. Kwa hiyo kabla sijasema lolote kuhusu kubana matumizi, naomba tuhame pamoja kutoka kipimo kimoja kwenda kingine. Badala ya kuuliza "leo nimeweka ya shilingi ngapi", tuulize "kilomita moja imenigharimu shilingi ngapi". Swali hilo la pili ndilo linalotenganisha kilicho mikononi mwa dereva na kisicho mikononi mwake.

Tuanze na kisicho mikononi mwake, yaani bei ya lita. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo za mwezi huo zinazoanza kutumika saa 6:01 usiku, moja kwa kila wilaya, kutegemea shehena imeingilia bandari ya Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Neno kikomo lina maana yake: ni dari, na kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake. Ukipiga *152*00# kwenye simu unaweza kuiona bei ya eneo lako kabla hujatoka nyumbani, na ukikuta bango la sheli limevuka hapo, umeshajua kuna kosa.

Ndani ya bei hiyo mna matabaka kama ya kitunguu. La kwanza na kubwa kuliko yote ni gharama ya mafuta yenyewe hadi kufika bandarini. Tanzania haichimbi wala haisafishi mafuta ghafi. Tunanunua petroli na dizeli zilizokwisha kusafishwa, kwa mfumo wa uagizaji wa pamoja unaosimamiwa na wakala wa Serikali, PBPA, na bei yake hufuata masoko ya nje, hasa ya Ghuba ya Uarabuni. Meli husafiri, hupanga foleni bandarini, hushusha. Maana yake lita unayonunua leo ilipangiwa bei wiki kadhaa zilizopita. Ndiyo sababu utasikia redioni kwamba mafuta yameshuka duniani, uende sheli ukute yamepanda. Hujadanganywa na mtu. Unalipia habari ya juzi, na ya leo utailipia mwezi ujao au unaofuata.

Tabaka la pili ni dola, na nadhani ndilo linalosahaulika zaidi. Chukua lita iliyofika bandarini kwa senti 80 za dola. Dola ikiwa shilingi 2,300, kama ilivyokuwa mwaka 2022, lita hiyo ni shilingi 1,840. Dola ikiwa 2,700, kiwango ilichokifikia mwaka 2024, lita ileile ni shilingi 2,160. Soko la dunia halijatikisika hata kidogo, na bei imepanda shilingi 320. Dereva wa bajaji wa Mbagala hajawahi kuishika noti ya dola, lakini anailipia kila asubuhi.

La tatu ni kodi na tozo. Kwa petroli, tozo ya barabara, ushuru wa bidhaa na tozo ya mafuta kwa pamoja zilikaribia shilingi 900 kwa lita mwaka 2021. Mwaka huo ziliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mitaani. Hapa pana jambo la kuelewa taratibu. Kodi hizi zimewekwa kwa shilingi kwa lita, hazifuati asilimia ya bei. Kwa hiyo mafuta yakipanda nusu duniani, bei ya sheli haipandi nusu. Na yakishuka nusu, bei haishuki nusu, kwa kuwa zile shilingi za kodi zimekaa palepale. Jirani zetu wa Kenya wana mpango tofauti. Wao, pamoja na tozo za namna hii, wanatoza kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambayo Julai 2023 ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Asilimia hukua pamoja na bei, na Septemba mwaka huohuo lita ya petroli Nairobi ilivuka shilingi 200 za Kenya kwa mara ya kwanza.

Juu ya hayo kuna faida ya kampuni, faida ya mwenye kituo, na nauli ya lori. Nauli hiyo ndiyo inayomfanya mtu wa Kagera au Kigoma alipe mara nyingi zaidi ya shilingi 200 juu ya bei ya Dar es Salaam. Na kule vijijini ambako hakuna sheli, petroli inauzwa kwenye chupa kando ya barabara, bei anaipanga mwenye chupa. Anayenunua kidogo, mbali na mji, hulipa zaidi kwa lita kuliko tajiri anayejaza tangi Masaki. Nimeliona hilo kwa macho yangu na linaniuma.

Serikali ilipoona hali ya Mei 2022, petroli ikiwa shilingi 3,148 na dizeli 3,258 jijini Dar es Salaam, ilitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Ilisaidia. Lakini ruzuku ni pazia, na pazia linalipiwa. Fedha ileile ingeweza kwenda kwenye madawati au dawa. Sisemi ilikuwa kosa. Nasema dereva asipange maisha yake akiitegemea.

Basi, bei ya lita hatuiwezi. Turudi kwenye kilomita.

Namna ya kupima ni rahisi. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Tembea kama siku zote. Ukirudi sheli, jaza tena mpaka ijikate, soma lita kwenye risiti, kisha gawa kilomita ulizotembea kwa lita hizo. Asiyeweza kujaza tangi aweke risiti zake zote za mwezi kwenye bahasha, ajumlishe lita, agawe vivyo hivyo. Kwa mwezi mzima tofauti ndogo za tangi hupotea. Risiti ina lita, hata kama ulisema "ya elfu kumi". Ndiyo sababu moja ya kuidai, mbali na ile ya kodi.

Mimi nilipopima gari langu dogo la cc 1,300, nilipata kilomita 14 kwa lita safari ya Morogoro, na kilomita 9 kwa lita kati ya Kimara na Posta. Gari moja, dereva mmoja, mafuta ya sheli moja. Lita ikiwa shilingi 3,000, kilomita ya Morogoro ilinigharimu shilingi 214, ya mjini shilingi 333. Fundi gani angenipa tofauti hiyo? Foleni ndiyo iliyoila. Injini ndogo ya petroli ikinguruma gari likiwa limesimama hutumia kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Ukisimama kwa jumla ya saa moja tu kila siku ya kazi, Ubungo, Magomeni, Fire, kwa wastani wa robo tatu ya lita kwa saa, siku 25 za mwezi zinamaliza zaidi ya lita 18. Hizo ni zaidi ya shilingi elfu 50 ambazo hazikukusogeza hata hatua moja. Kutoka nyumbani saa 11:30 alfajiri badala ya saa 12:30 kumenisaidia kuliko kifaa chochote nilichowahi kuuziwa. Najua si kila mtu ana uhuru huo. Mwenye mtoto wa kupeleka shule hana. Lakini anayeweza kuzima injini pale askari anapoita upande mwingine kwa dakika tatu nzima, na azime.

Kiswahili chetu kimeshasema ukweli mmoja bila sisi kuusikiliza. Kuongeza mwendo tunaita kukanyaga mafuta. Ndivyo ilivyo. Kila unapokanyaga kwa nguvu ili umfikie aliye mbele, kisha ukafunga breki kwa nguvu kwa sababu umemfikia, umenunua mwendo kwa petroli na kuutupa kama joto kwenye breki. Dereva anayeiona taa nyekundu kwa mbali, akaachia pedali mapema na kuliacha gari litembee lenyewe likiwa kwenye gia, anaokoa. Nasisitiza likiwa kwenye gia. Wapo wanaoweka fri kwenye miteremko, ile ya Kitonga hata ya Pugu, wakidhani wanabana matumizi. Kwenye magari ya sindano, yasiyo na kabureta, yaani karibu yote tuliyonayo siku hizi, ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia, kompyuta hukata mafuta kabisa. Ukiweka fri, injini inalazimika kupewa mafuta ili isizime. Unatumia zaidi, na umepoteza msaada wa injini kwenye breki. Kitonga pameua watu wa kutosha.

Kwenye barabara kuu adui ni upepo. Nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 110, inakaribia kuwa maradufu. Katika kilomita 100 umejipatia dakika 20 hivi, nazo mara nyingi unazikabidhi kwenye tochi ya askari au nyuma ya lori la kwanza utakalokutana nalo mlimani.

Ushauri mwingine unaorudiwa sana una thamani ndogo kuliko kelele zake. Upepo wa matairi, kwa mfano. Ukiwa pungufu kwa pauni kumi, matumizi huongezeka kwa kama asilimia mbili. Kwa mtu anayetumia shilingi 150,000 kwa mwezi, hiyo ni elfu tatu. Jaza, ni karibu bure, na tairi litadumu. Ila usitegemee miujiza. Kadhalika ile imani kwamba ujaze alfajiri wakati mafuta ni "mazito". Matangi ya sheli yamefukiwa ardhini, ambako joto la asubuhi na la mchana hutofautiana kidogo sana. Petroli hutanuka kwa kama sehemu moja ya elfu kwa kila nyuzi ya joto. Katika lita kumi, nyuzi mbili zinakupa kijiko kimoja au viwili. Nenda alfajiri kwa sababu ya foleni.

Tabia ya kutembea na taa ya mafuta ikiwa inawaka, ambayo ni mtoto wa ile "weka ya elfu tano", ina hasara ya kweli. Pampu ya mafuta ya magari mengi ya kisasa imo ndani ya tangi na hupozwa na mafuta yenyewe. Ikizoea kukaa kavu, huungua. Pampu mpya inameza akiba ya miezi.

Hadi hapa nimemzungumzia mwenye gari lake. Kwa anayeendesha cha mtu, mambo yana ukali mwingine, na kwa maoni yangu hapa ndipo kiini cha suala zima kilipo.

Bodaboda wengi, bajaji wengi na karibu daladala zote za Dar es Salaam hufanya kazi kwa hesabu. Tajiri anataka kiasi maalumu kwa siku. Mafuta ni ya dereva. Kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani kwake. Tufanye mfano wa pikipiki. Kijana anakusanya shilingi 25,000, hesabu ni 10,000, na anatumia lita mbili na nusu. Lita ikiwa 2,400, mafuta ni 6,000 na yeye anabaki na 9,000. Lita ikipanda hadi 3,400, mafuta ni 8,500 na yeye anabaki na 6,500. Petroli imepanda kwa shilingi 2,500 kwa siku. Kipato cha dereva kimeshuka kwa shilingi 2,500 zilezile. Tajiri hajapoteza hata senti. Katika mkataba wa namna hii dereva ndiye bima ya kila mtu mwingine dhidi ya soko la mafuta la dunia, na hakuna aliyemwambia siku anakabidhiwa ufunguo.

Angeweza kupandisha nauli? Wa bodaboda anaweza kujaribu, lakini pale kijiweni wapo wenzake kumi, na abiria naye elfu kumi yake imepungua nguvu. Wa daladala haruhusiwi. Nauli inapangwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA: Mei 2022 safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 400 hadi 500, na Desemba 2023 ikawa 600. Kati ya tarehe hizo mbili mafuta yalipanda na kushuka mara nyingi, na kila mlima aliupanda dereva na konda wake. Tunapokasirika kwa daladala kukatisha ruti au kutujaza kama dagaa, tukumbuke kwamba mara nyingi hiyo ndiyo njia pekee waliyoachiwa ya kurudisha hela ya mafuta. Sihalalishi. Nimeshashushwa njiani usiku wa mvua, najua uchungu wake. Lakini kosa limeanzia kwenye mkataba kabla halijafika barabarani.

Wa teksi za mtandaoni naye ana la kwake. Programu inampangia nauli na kuchukua kamisheni. Mwaka 2022 LATRA iliibana kamisheni hadi asilimia 15, kampuni zikagoma, na mwisho wa mwaka ikarudishwa hadi 25. Lakini ukikaa naye umsikilize, kinachomla zaidi ni zile kilomita ambazo hakuna anayezilipia: kwenda kumfuata abiria Goba aliyeko kilomita nne, kurudi mtupu kutoka Bunju. Hizi naziita kilomita tupu. Kwa yeyote anayeendesha kwa riziki, kupunguza kilomita tupu kunazidi faida ya upepo, plagi na mguu mwepesi vikijumlishwa. Bodaboda anayezunguka mitaani akitafuta wateja huona anajituma. Akipima, mara nyingi atakuta yule mwenzake aliyetulia kijiweni, mwenye wateja wake wa simu watano wa uhakika, anarudi nyumbani na zaidi.

Nje ya petroli, njia kubwa iliyofunguka ni gesi asilia. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Bomba la kutoka Mtwara likafuata mwaka 2015. Ni mali yetu, haingojei meli. Kilo moja imekuwa ikiuzwa shilingi 1,550, na ndani ya kilo moja mna nguvu sawa na ya lita moja na nusu ya petroli. Maana yake unapata nguvu ya lita moja kwa kama shilingi 1,030, theluthi ya bei ya petroli.

Lakini kufunga mfumo kwenye gari dogo kumekuwa kukigharimu kati ya shilingi milioni moja na nusu na milioni mbili na nusu, kutegemea mtungi. Hapa kipimo cha kilomita kinafanya kazi yake tena. Dereva wa mtandaoni anayetembea kilomita 150 kwa siku, kwa kilomita 12 kwa lita, anachoma petroli ya shilingi 37,500. Kwa gesi atatumia kama 12,900. Anaokoa karibu 24,600 kwa siku, na milioni mbili zake zinarudi ndani ya siku 82 za kazi. Mtumishi anayetembea kilomita 30 anaokoa kama 4,900 kwa siku. Zitamrudia baada ya miezi 16 hivi. Wote wawili wanaambiwa "funga gesi". Kwa wa kwanza ni haja ya haraka. Kwa wa pili inaweza kusubiri, hasa ukihesabu buti lililoliwa na mtungi na saa za foleni.

Foleni hiyo sitaipita kimya. Vituo vimekuwa vikiongezeka, na shirika la mafuta la taifa, TPDC, limejenga kituo mama pale Mlimani kando ya barabara ya Sam Nujoma, lakini magari yameongezeka upesi zaidi, na nje ya Dar es Salaam na Pwani huduma bado ni chache. Dereva anayekaa saa tatu kwenye mstari wa gesi amepoteza safari nne au tano. Kila kituo kipya, kwa hesabu hizi, kinaweka fedha mfukoni mwa dereva moja kwa moja, tena bila ruzuku, na natamani lingekuwa jambo la kwanza kwenye midomo ya wanaopanga bajeti. Na kwa anayefunga: mtungi hubeba gesi kwa mgandamizo ulio mara mamia ya ule wa hewa tunayovuta. Usifungiwe uchochoroni na mtu asiye na kibali kwa sababu amekupunguzia laki mbili.

Kuna pia njia ya kuliacha gari. Treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, iliyoanza mwaka 2024, ni shilingi 13,000 daraja la kawaida. Gari langu hutumia petroli ya kama shilingi elfu 41 kwa safari hiyo. Nikiwa peke yangu au na mke wangu, treni inashinda bila mjadala. Tukiwa wanne, nauli inakuwa 52,000 na gari linaanza kujitetea. Kwa kazini, watatu wa mtaa wetu tumeacha magari mawili nyumbani na tunapokezana wiki. Mazungumzo ya njiani yamekuwa faida ambayo sikuitarajia.

Nirudi kwa yule kijana. Alinunua waya wa mita, akaufunga mwenyewe, na akaanza kuandika kwenye daftari la shule la mwanawe: kilomita za asubuhi, za jioni, lita za kwenye risiti. Baada ya mwezi tuliketi tukapiga hesabu kwenye ukuta wa kituo. Pikipiki ilikuwa inatoa kilomita 43 kwa lita, nzima kabisa. Alikuwa anatembea wastani wa kilomita 96 kwa siku, na 38 kati ya hizo hakuwa na mtu nyuma yake. Alizitazama namba hizo muda mrefu bila kusema.

Alienda na daftari hilo kwa tajiri wake kuomba hesabu ipunguzwe kwa elfu moja mpaka mafuta yashuke. Tajiri, ambaye ni mwalimu mstaafu mwenye pikipiki mbili tu, alikataa elfu moja. Akakubali Jumapili isiwe na hesabu, na oili awe anaitoa yeye. Kijana bado anaona alistahili zaidi, nami naona hivyo hivyo. Ila juzi aliponifikisha getini aliniambia, "Mzee, Jumatano ni ya kwanza ya mwezi. Wamesema itapanda. Nimeshaweka lita tano leo."

Alisema lita.